Mgeni Ashukuriwe, Asianikwe

Wazee wa Kizaramo husimulia kwamba jina la Mwananyamala limetokana na maneno ya mama aliyekuwa akimbembeleza mtoto wake anyamaze: "Mwana, nyamala." Kama ndivyo ilivyokuwa, basi mtaa huu wa Kinondoni umepewa jina linalowafaa sana watu wa kazi moja iliyoenea humo, nayo ni kazi ya kulaza wageni. Mwenye nyumba ya wageni huona mengi na husikia mengi, na sehemu kubwa ya amana aliyokabidhiwa ni kujua wakati wa kunyamaza.

Siku hizi umezuka mtindo ambao hatuna budi kuuzungumza kwa uwazi. Kila ifikapo juma la kwanza la mwezi Oktoba huadhimishwa Wiki ya Huduma kwa Wateja. Mabenki hukata keki, mashirika hutoa vyeti, na wakubwa hushuka kwenye madirisha ya huduma kuwasalimu wananchi. Hilo ni jema, na wala hatulipingi. Sasa hoteli na nyumba za kulala wageni nazo zimeingia katika sherehe hizo, kila moja ikimtafuta mteja wake mwaminifu kuliko wote, ikimpa cheti, ikimpiga picha, ikiitundika picha hiyo mapokezi, kisha ikiisambaza katika mitandao ya kijamii ili ulimwengu mzima upate kushuhudia shukrani yake. Swali tunaloliuliza leo ni hili: mgeni aliyekuja kulala, je, alikuja pia kutangazwa?

Hatulisemi jambo hili kwa kuwanyooshea wenzetu kidole, kwani mkono wetu wenyewe umo. Mwaka mmoja uliopita tulialikwa tuwe mgeni rasmi katika hafla ndogo kwenye nyumba ya wageni iliyopo Mwananyamala. Mwenye nyumba ni mama mchapakazi aliyeanza na vyumba vichache akaongeza polepole, na nia yake ilikuwa safi kama maji ya dafu. Alikuwa amefungua kitabu chake cha wageni na kuhesabu. Akamkuta mzee mmoja kutoka Visiwani aliyelala kwake masiku 58 katika muda wa miaka miwili, kila mwezi siku mbili au tatu, bila ya kukopa wala kugombana na mtu. Mzee akaitwa kutoka chumbani. Tukamkabidhi cheti, tukampa mkono, watu wakapiga makofi, picha ikapigwa. Jioni ile ile kijana wa mapokezi akaipeleka picha mitandaoni, pamoja na jina la mzee, kisiwa atokacho, na idadi ya masiku.

Baada ya majuma matatu mzee alikuja kututafuta. Tulimwamkia, akaitikia, akakaa kimya kwa kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, mie cheti sikukikataa. Mlichokitoa nje ni hesabu ya siku zangu." Akatueleza kwamba alikuwa akija Dar es Salaam kuhudhuria kliniki. Ugonjwa wake aliujua yeye na mkewe, basi. Watoto, mashemeji na majirani walijua kuwa anafuata bidhaa. Picha ilipofika kisiwani kwao, kila aliyeiona alifanya hesabu yake. Wako waliosema ana mke mwingine Bara. Wako waliotaja ugonjwa, na wakautaja ambao sio. Mkewe aliulizwa msibani, mbele ya watu, mumewe anafuata nini Mwananyamala kila mwezi. Mzee hakutaka fidia wala hakutaka mtu aadhibiwe. Alitaka tujue tu.

Tumebadili mambo mawili matatu katika kisa hiki ili mwenyewe asitambulike, na kliniki hatuitaji. Msomaji naye asitake kuijua, kwa kuwa kutaka kujua ndiko kulikoleta msiba wenyewe.

Ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu wa Visiwani hujikuta akilala Mwananyamala. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala, na Muhimbili haiko mbali. Mtu hushuka kwenye boti ya asubuhi, hutafuta chumba cha bei nafuu karibu na matibabu, na huondoka akisha kupewa tarehe nyingine. Wapo pia wafanyabiashara wadogo, na wengi wao ni akina mama, wanaofuata vitenge na vyombo Kariakoo. Mwanamke anayelala peke yake katika nyumba ya wageni, hata akiwa na mzigo wa biashara mbele yake na stakabadhi mkononi, bado kuna ndimi zisizompa amani. Walimwengu husema mgeni ni kuku mweupe, yaani huonekana upesi kundini. Kuku huyo akivishwa na taji akapandishwa juu ya meza, hali yake huwaje?

Tukitazama kwa makini tutagundua jambo ambalo halionekani upesi. Uaminifu wa mteja wa hoteli haufanani na uaminifu wa mteja wa duka. Ukimtangaza mtu kwamba amenunua unga kwako kwa miaka kumi, umetangaza kuwa anakula ugali. Ukimtangaza kwamba amelala kwako masiku 58, umetangaza mahali alipokuwa usiku, wakati jamaa zake hawakuwa naye. Kumbukumbu ya uaminifu wake ndiyo shajara ya safari zake. Tena kadiri anavyozidi kuiamini nyumba, ndivyo nyumba inavyozidi kumjua, na ndivyo inavyokuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kumdhuru. Kwa hiyo anayestahili kusitiriwa kuliko wote ndiye huyo huyo anayetafutwa ili aanikwe.

Mila zetu za pwani zililijua jambo hili kabla ya kuwako kwa hoteli. Mtoto aliyelelewa vyema hupiga hodi, hata mara tatu, na asipoitikiwa hugeuza njia bila ya kinyongo. Wale tuliosoma vyuoni tulifundishwa mapema kwamba katika Sura ya An-Nur waumini wameamrishwa wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na kwamba katika Sura ya Al-Hujurat wamekatazwa kupelelezana na kusengenyana. Ndugu zetu Wakristo nao wana mafundisho yao ya kumpokea mgeni kwa heshima. Chumba cha kupanga, ijapokuwa ni cha usiku mmoja, ni nyumba ya yule aliyekilipia. Nacho kina mlango, na mlango huo una hodi yake.

Hata kumtukuza mgeni hadharani kulikuwa na adabu yake. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco aliyepita pwani hii mwaka 1331, ameeleza desturi aliyoikuta Mogadishu. Chombo kilipotia nanga, vijana walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua chakula katika chombo kilichofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mgeni alifikia nyumbani kwa kijana huyo. Lakini yule aliyekwisha kuja mara nyingi, akawajua wenyeji, aliachiwa afikie anapotaka mwenyewe. Na tuzingatie mambo mawili hapo: chakula kilikuja kimefunikwa, na heshima ya mgeni wa siku nyingi ilikuwa ni kuongezewa hiari yake.

Yamkini afisa mmoja atatuuliza: je, mnataka nyumba za wageni ziwe maficho? La hasha. Chama na Serikali havikuwa vipofu kuhusu wageni. Katika miaka ya 1960 TANU ilianzisha mfumo wa mashina ya nyumba kumi kumi, na mgeni aliyefikia katika nyumba alipelekwa kwa balozi akajulikane. Mtaa ulikuwa mdogo, watu walijuana, na jambo hilo lilizuia mengi maovu. Hata leo kitabu cha wageni kina kazi yake halali. Halmashauri hukihitaji kwa ajili ya ushuru, Uhamiaji hukihitaji kwa ajili ya wageni wa nje, na polisi hukihitaji wanapomsaka mhalifu au wanapowatafuta watoto waliochukuliwa na wale wanaotajwa katika Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Faragha si ngao ya uhalifu.

Walakini balozi aliyeijua kazi yake alijua pia mpaka wake. Alimjua mgeni, lakini hakupita nyumba hadi nyumba akisimulia kuwa fulani amepokea nani. Kujua kwa ajili ya usalama wa wananchi ni wajibu, na kutangaza kwa ajili ya kujipamba ni jambo jingine kabisa. Yakichanganywa mawili hayo, hata wajibu wenyewe huharibika, kwa sababu mgeni akisha kuogopa kitabu ataandika jina la uongo, na kitabu hicho hakitamfaa tena askari wala karani wa ushuru.

Mataifa mengine yamekwisha kulipata somo hili kwa gharama. Nchini Marekani, mwaka 2015, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4, katika shauri lililouhusu mji wa Los Angeles, kwamba polisi hawawezi kumlazimisha mwenye hoteli kuwafungulia kitabu cha wageni pale pale bila ya kumpa nafasi ya kupeleka pingamizi lake mbele ya mwamuzi asiyependelea upande. Mwaka 2019 kampuni ya Motel 6 ilikubali kulipa dola milioni 12 katika jimbo la Washington, baada ya kubainika kuwa baadhi ya hoteli zake zilikuwa zikiwapa maafisa wa uhamiaji orodha za wageni bila ya amri ya mahakama. Wageni walioguswa walikuwa wapatao 80,000, na wengi wao hawakuwa na kosa lolote ila kulala.

Hoteli kubwa zenye kadi za wateja waaminifu nazo hazikusalimika. Mwezi Novemba mwaka 2018 kampuni ya Marriott ilitangaza kwamba wezi wa mitandao walikuwa wameingia katika kumbukumbu za wageni wa hoteli za Starwood, ambazo ilizinunua mwaka 2016, na kwamba wizi huo ulianza tangu mwaka 2014. Kumbukumbu zilizoguswa zilihesabiwa kwa mamia ya milioni, na ndani yake zilikuwamo namba za pasipoti zaidi ya milioni tano ambazo hazikufichwa kwa namna yoyote. Mwaka 2020 mamlaka ya Uingereza iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni milioni 18.4. Ikiwa tajiri mwenye wataalamu wa kila aina anaweza kuibiwa siri za wageni wake, sembuse sisi ambao kitabu chetu kimelala wazi juu ya meza ya mapokezi?

Na hapo ndipo tungependa wakubwa watutazamie. Mgeni anapoingia katika nyumba nyingi za wageni hufunguliwa daftari lenye mistari: jina, kabila, kazi, atokako, aendako, namba ya chumba. Akishika kalamu, macho yake hayana pa kwenda ila kwenye mistari ya waliomtangulia. Kwa dakika moja ameshajua nani yumo chumba cha nne na ametoka wapi. Hakuna mwizi wa mitandao hapo. Siri imewekwa sokoni na mwenyewe.

Sheria tunazo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inalinda maisha binafsi ya kila mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Ibara ya 15 ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inalinda haki ya namna hiyo hiyo. Bunge nalo lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tarehe 3 Aprili 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa ufupi, sheria hiyo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, zitumike kwa kusudi hilo, na zilindwe. Inazitenga pia taarifa zilizo nyeti, zikiwamo za afya, ili zitunzwe kwa uangalifu zaidi. Mzee wetu alitoa jina lake ili apewe ufunguo wa chumba. Halikutolewa ili lipambe ukuta. Kwa upande wa Zanzibar sheria hiyo haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na utalii si jambo la Muungano. Kwa hiyo wenye madaraka wa pande zote mbili wanapaswa kuhakikisha kwamba hakuna mwanya unaobaki katikati, ambamo mgeni huweza kuanguka akiwa safarini kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia katika utekelezaji. Mwezi Septemba mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Casa Vera, nyumba ya starehe ya Nairobi, faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa sababu ya kuweka mitandaoni picha ya mteja bila ya idhini yake. Kabla ya hapo, mwezi Desemba mwaka 2022, kampuni ya simu ya Oppo ilitozwa shilingi milioni 5 kwa kosa la jinsi hiyo. Nyuso hizo zilitumika kuipamba biashara, na wenyewe hawakuulizwa.

Mwenye hoteli atajibu, "Lakini mimi nilimwuliza, naye akakubali." Neno hilo linatuhusu sisi kuliko mtu mwingine yeyote. Ni kweli, mzee aliulizwa. Aliulizwa mbele ya mgeni rasmi, mbele ya majirani, makofi yameshaanza na simu zimeshanyanyuliwa. Mtu aliyelelewa kwa haya za Kiislamu, akiwa ugenini, katika nyumba ya watu aliowazoea, angepata wapi ulimi wa kusema hapana? Idhini inayochukuliwa kwa makofi si idhini. Sisi tulidhani tunampa heshima, kumbe heshima ilikuwa yetu sisi tuliosimama mbele.

Wala hatusemi kwamba mteja mwema asishukuriwe. Nyumba isiyojua kushukuru haistahili mgeni. Wapo wageni wanaopenda kutajwa, na ni haki yao pia. Tunachokitaka ni utaratibu, nao si mgumu.

Kwanza, shukrani ianzie chumbani. Apunguziwe bei usiku wa kumi. Awekewe chumba kile kile alichokizoea, mbali na makelele. Akifika na boti iliyochelewa akute uji wa moto. Mgonjwa apewe chumba cha chini asipande ngazi. Mambo hayo mgeni huyajua na huyakumbuka, wala hayahitaji picha.

Pili, mwenye nyumba akitaka kumtangaza mgeni, amwulize faraghani, siku kadhaa kabla, na amweleze picha itakwenda wapi na itasema nini. Zawadi isifungwe pamoja na picha. Anayekataa picha apewe zawadi ile ile, kwa uso ule ule wa furaha.

Tatu, hata kwa aliyekubali, zisitajwe tarehe, wala idadi ya masiku, wala namba ya chumba, wala mahali atokako. Na siku akibadili mawazo, picha ishuke bila ya kuulizwa sababu.

Nne, daftari la mapokezi lisiachwe wazi. Mgeni apewe karatasi yake peke yake, au mistari iliyotangulia ifunikwe. Halmashauri na wenye kukagua leseni wanaweza kuliangalia hilo wakati wanapokagua vyoo na mashuka. Nao watafakari kama kuna haja yoyote ya kuendelea kumwuliza Mtanzania kabila lake ndipo apewe kitanda.

Tano, afisa anayetaka kukifungua kitabu aje na kitambulisho, aeleze sababu, na jina lake liandikwe. Afisa mwema hatadhurika kwa kuandikwa, na anayekuja kwa upekuzi wa mambo yake mwenyewe atajifikiria mara mbili.

Sita, na hili tunajiambia wenyewe: kiongozi anayealikwa kuwa mgeni rasmi aulize kwanza kama anayepewa cheti alikubali kabla ya kuitwa. Swali hilo moja lingetosha.

Baada ya mazungumzo na mzee tulikwenda kwa yule mama. Hakubisha. Alituambia, "Ndugu, mie nilifikiri namfurahisha," akainama machozi yakimlengalenga. Kijana aliifuta picha mitandaoni siku hiyo hiyo, ijapokuwa picha ikisha kuenea haifutiki katika simu za watu. Ile ya ukutani mama aliishusha kwa mkono wake, na pale ilipokuwa pamebaki alama ya mraba, rangi yake mpya kuliko ukuta mwingine. Daftari lake sasa amelitia jalada gumu na kulihifadhi ndani ya saraka yenye kufuli.

Mzee hakurudi tena katika nyumba ile. Mama alituuliza kama tunajua sasa hulala wapi, ili angalau ampelekee salamu. Tulimjibu kwamba hatujui, na kwamba hatukumwuliza.